Kuandaa tuzo za filamu za taifa: kutoka fomu ya ushiriki hadi bahasha

Mwongozo huu ni wa walio kwenye kamati: mratibu, katibu wa majaji, msimamizi wa jukwaa, mhariri wa vipande vya video. Tanzania ilianza tuzo zake za filamu mwaka 2021 chini ya Bodi ya Filamu, na kilele cha kwanza kikafanyika Mbeya. Kenya wana Kalasha tangu 2009. Popote zinapofanyika, mashabiki husamehe taa zilizogoma na MC aliyejisahau. Wasichosamehe ni ushindi usioelezeka. Kwa hiyo tunaanza na karatasi, jukwaa litafuata.

Fomu na kanuni

Majina yote ya usiku ule yanatoka kwenye fomu ya ushiriki. Herufi ikikosewa hapo, kosa litasafiri hadi kwenye orodha ya wateule, kwenye skrini, kwenye kadi ya mshindi na kwenye kibati cha tuzo. Omba jina la kwenye kitambulisho na jina la kisanii, kisha uliza waziwazi: lipi lisomwe jukwaani? Weka nafasi ya namba mbili za simu, ya mtayarishaji na ya mtu mwingine, maana siku ya kuhakiki majina mtayarishaji ndiye huwa safarini na hapatikani.

Kanuni ikisema tu "filamu za mwaka huu", utaletewa filamu iliyoonyeshwa kwa ndugu na jamaa mwaka juzi na kuingia kwenye king'amuzi mwezi Machi, na pande zote mbili zitakuwa na hoja. Andika tarehe mbili, kwa mfano 1 Julai hadi 30 Juni, na ueleze kinachohesabika kuwa ni onyesho la kwanza: siku ambayo mtu yeyote aliweza kulipa au kufungua televisheni akaiona. Onyesho la waalikwa halihesabiki, na kionjo cha dakika mbili YouTube hakihesabiki pia. Kwa Tanzania, filamu ya kuonyeshwa hadharani hupitia Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, kwa hiyo dai nakala ya kibali pamoja na fomu. Asiye nacho siku ya mwisho apewe siku saba, asizidishiwe.

Kuna kanuni nyingine tatu ambazo kamati nyingi huziacha hewani na kuzijutia. Kwanza, Filamu Bora ni ya mtayarishaji. Usipoandika hivyo watapanda watu wanne na kila mmoja atataka kuondoka na tuzo. Pili, kwenye vipengele vya ufundi anayetambuliwa ni yule aliyeandikwa kwenye orodha ya mwisho wa filamu, si anayekuja na barua baadaye kwamba ndiye aliyehariri. Tatu, kipengele kikipata filamu chini ya tatu kisishindaniwe mwaka huo. Mshindi kati ya wawili hana raha ya ushindi, na aliyeshindwa ana aibu mara mbili.

Kwenye fomu hiyohiyo chukua ridhaa ya kutumia hadi sekunde 30 za filamu kwenye matangazo na usiku wa kilele. Kuitafuta ridhaa hiyo wiki ya mwisho ni kumkabidhi mtu mmoja fimbo ya kukuchapia.

Majaji wana saa ngapi?

Piga hesabu kabla ya kuwaita. Filamu ndefu 40 za wastani wa dakika 100 ni dakika 4,000, yaani saa 66 na dakika 40. Jaji anayetazama filamu nne kwa siku anahitaji siku kumi kamili, na filamu ya nne ya siku huwa haipati haki yake. Fanyeni raundi mbili. Kwenye mchujo kila filamu itazamwe na watu wawili hadi mwisho, na wakitofautiana aitwe wa tatu. Jopo kuu la watu watano au saba lipokee filamu 12 hadi 15 tu.

Mnamo Aprili 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza kwamba mwanachama hatapiga kura ya mwisho kwenye kipengele ambacho hajatazama filamu zake zote. Wenyewe wana maelfu ya wapiga kura waliotawanyika duniani. Jopo la watu saba halina kisingizio. Watazame pamoja, chumba kimoja, simu zikiwa nje, na kila jaji asaini mahudhurio ya kila filamu. Chumba kiwe na spika za maana. Sauti Bora haihukumiwi kwa spika za laptop, na Mpiga Picha Bora hapatikani kwenye projekta iliyofifia huku dirisha halina pazia.

Jaji mwenye ndugu, mwajiri au kazi yake mwenyewe kwenye kipengele atoke kwenye kipengele hicho chote, si kwenye filamu hiyo moja tu. Akibaki kuwapigia wapinzani wa ndugu yake alama za chini, atakuwa amempigia ndugu yake kampeni bila kumtaja. Uwe na jaji wa akiba aliyetazama kila kitu, ili idadi ibaki witiri.

Alama hudanganya

Utaratibu uliozoeleka ni kila jaji kutoa alama kati ya 10, kisha zinajumlishwa. Tazama kinachotokea kwa majaji watano na filamu mbili. Majaji wanne wanaipa filamu A alama 8 na filamu B alama 7. Jaji wa tano anaipa A alama 2 na B alama 10. A inapata 34, B inapata 38. Majaji wanne kati ya watano waliona A ni bora, lakini B ndiyo inayopanda jukwaani. Wala si lazima jaji huyo awe na hila. Wapo walimu wa zamani ambao kwao 6 ni alama ya heshima, na wapo wakarimu ambao hawashuki chini ya 8. Mwenye mkono mpana ndiye anayeamua.

Tumieni nafasi. Jaji akimaliza kujaza alama zake, ambazo zinabaki kuwa msaada wake wa kufikiri, apange wateule wa kwanza hadi wa mwisho. Nafasi ndizo zinazojumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Kwa mfano uleule A inapata 1+1+1+1+2, yaani 6, na B inapata 9. Fomu ya nafasi iwe ya karatasi, yenye jina la jaji na saini, ijazwe kwa kalamu ya wino. Akikosea achukue fomu mpya, ile ya zamani ichorwe msalaba na kuhifadhiwa. Kamwe msitumie meza moja iliyowazi kwenye kompyuta ambayo kila jaji anaona wenzake wamejaza nini.

Kuhusu kufungana, amueni mapema: ama mwenye nafasi za kwanza nyingi ndiye mshindi, ama wote wawili wanapanda. Mwaka 1969 Katharine Hepburn na Barbra Streisand walifungana Oscar ya mwigizaji bora wa kike na wote wakapewa. Mkikubali kufungana, tengenezeni tuzo mbili za ziada.

Kura za wananchi na uzito wake

Wadhamini huzipenda kura za wananchi kwa sababu zinaleta watu, na hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale kamati inapotangaza kwamba majaji wana asilimia 70 na wananchi 30, halafu ikajumlisha bila kufikiri.

Chukua kipengele ambacho majaji wamempa msanii mmoja 81 kati ya 100 na mwenzake 74. Ukizidisha kwa 0.7, tofauti yao ni alama 4.9. Upande wa wananchi huyu wa pili ana wafuasi wengi mtandaoni, kapata asilimia 60 ya kura, na wa kwanza asilimia 5. Zidisha kwa 0.3: tofauti ni 16.5. Asilimia 30 ya wananchi imemeza asilimia 70 ya majaji, kwa sababu alama za majaji zinakaa karibukaribu na kura za wananchi zinatawanyika sana. Kwenye bango imeandikwa 70 kwa 30, lakini aliyeshinda ni mwenye wafuasi. Dawa ni ileile ya nafasi: geuza kura za wananchi ziwe nafasi ya kwanza hadi ya tano kabla ya kuzizidisha kwa uzito wake. Au, na hii ndiyo tunayoipendelea, wape wananchi vipengele vyao viwili au vitatu kamili, kama Filamu Pendwa na Mwigizaji Pendwa, na majaji waachiwe vyao. Hapo kila upande unajibu kwa ulichoamua.

Namba moja ya simu iwe na kura moja kwa kipengele. Dirisha lifungwe siku tatu kabla ya kilele, siyo usiku wa kilele, ili msimamizi wa kura apate muda wa kukagua namba zilizopiga kwa mfululizo usio wa kawaida.

Bahasha

Hadi Februari 1940 waandaaji wa Oscar walikuwa wakiwapa magazeti majina mapema, kwa ahadi kwamba hayatachapishwa kabla ya saa 5 usiku. Mwaka huo gazeti la Los Angeles Times likayatoa kwenye toleo la jioni, wageni wakaingia ukumbini wanajua nani kashinda. Bahasha iliyofungwa ilianza mwaka uliofuata, na hadi leo ndiyo kinga rahisi kuliko zote, mradi itengenezwe vizuri.

Jinsi inavyoharibika ilionekana dunia nzima kwenye Oscar ya tarehe 26 Februari 2017. Watangazaji, waigizaji Warren Beatty na Faye Dunaway, walikabidhiwa bahasha ya akiba ya Mwigizaji Bora wa Kike; La La Land ikatangazwa Filamu Bora, hotuba zikaanza, ndipo ikajulikana kwamba mshindi ni Moonlight. Makosa yalipangana. Kulikuwa na seti mbili za bahasha, moja kila upande wa jukwaa, na ya akiba haikuondolewa baada ya kipengele chake kupita. Nje, bahasha ilikuwa nyekundu yenye maandishi ya dhahabu, magumu kusoma kwenye mwanga wa nyuma ya jukwaa. Ndani, jina la kipengele lilikuwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Na waliojua ukweli walichelewa kuingia.

Sasa tengeneza yako. Kadi iwe ya ukubwa wa A5, karatasi ngumu ya gramu 300. Mstari wa juu kabisa ni jina la kipengele, herufi za pointi 36. Katikati jina la mshindi, pointi 54. Chini yake jina la filamu. Nembo ya tuzo na ya mdhamini zikae chini, ndogo, hata kama mdhamini atanuna. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, basi. Bahasha iwe nene na ya rangi iliyokolea; imulike kwa tochi ya simu ukiwa umeweka kadi ndani, na ukiona herufi hata moja, badilisha. Jina la kipengele na namba yake kwenye ratiba viandikwe nje, pande zote mbili, kwa herufi zinazosomeka ukiwa mita mbili. Usiifunge kwa gundi. Stika moja ya duara inatosha, maana mtangazaji mwenye kucha ndefu na maikrofoni mkononi hawezi kupigana na gundi mbele ya kamera.

Duka la uchapaji lisijue lolote. Chapisha kadi za wateule wote: vipengele 20 vyenye wateule watano ni kadi 100. Msimamizi wa kura na mwenzake mmoja wanajifungia, wanachagua 20, wanafunga bahasha, na 80 zinapitishwa kwenye mashine ya kukata karatasi pale pale. Watu wawili, si mmoja, si watatu. Bahasha zilale kwenye sanduku lenye kufuli mbili na kila mmoja ashike ufunguo wake.

Usiku wenyewe tumia seti moja na mlango mmoja wa kuingilia watangazaji. Msimamizi ndiye anayekabidhi bahasha, na anapokabidhi anataja kipengele kwa sauti na mtangazaji anakirudia. Waelekeze watangazaji hivi: soma kwanza kipengele kilicho kwenye kadi, kimoyomoyo. Kisipolingana na ulichotumwa, usitaje jina lolote. Sema "tunaomba msimamizi wa kura" na usubiri. Wengi watajaribu kubahatisha kwa aibu ya kukatisha shughuli, kwa hiyo wafanyishe zoezi hilo mara moja kwenye majaribio, kwa kadi isiyo sahihi uliyowachomekea kwa makusudi.

Yule mwenzake wa msimamizi akae pembeni ya jukwaa akiwa na orodha ya washindi kichwani. Jina lisilo sahihi likitajwa, anaingia jukwaani ndani ya sekunde kumi bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Andika mamlaka hayo kwenye barua yake ya uteuzi. Kwetu hakuna anayethubutu kumkatiza waziri akiwa ameshika bahasha, na bila barua hiyo kijana wa watu atasimama anatetemeka pembeni hadi tuzo imeshabebwa.

Vipande vya video na skrini

Usipokee vipande kutoka kwa watayarishaji. Vitakuja kwa WhatsApp vikiwa vimebanwa hadi nyuso zinafanana na vigae, na kila mmoja atakuwa ameweka muziki wake. Kata mwenyewe kutoka kwenye filamu iliyowasilishwa, ambayo kanuni iwe imedai faili ya pikseli 1920 kwa 1080. Wateule watano kwa sekunde kumi kila mmoja, pamoja na kichwa cha kipengele cha sekunde tano, ni sekunde 55. Kwa mwigizaji chagua sekunde ambazo yeye ndiye anayezungumza au kufanya jambo. Kwa mhariri chagua mkato, siyo sura nzuri. Geuza vyote viwe fremu 25 kwa sekunde ili visikwamekwame kwenye matangazo ya televisheni, na sawazisha sauti zote kwenye -23 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kwenye matangazo. Usipofanya hivyo, kipande kimoja kitanong'ona na kinachofuata kitamrusha mgeni rasmi kwenye kiti.

Muulize mwenye skrini ya LED vipimo vyake kwa maandishi. Paneli nyingi za kukodi ni sentimita 50 kwa 50, na mafundi hupenda kujenga mita 6 kwa 3 kwa sababu ni rahisi. Umbo hilo siyo la filamu: picha itavutwa ipanuke au itakatwa vichwa. Mita 8 kwa 4.5, yaani paneli 16 kwa 9, jumla 144, ndilo umbo sahihi. Kwa paneli za P3.9, yaani zenye milimita 3.9 kati ya nukta moja ya mwanga na nyingine, hiyo inakupa pikseli 2,048 kwa 1,152, inatosha kabisa. Kama bajeti haifiki, jenga hiyo ya 6 kwa 3 na uache kingo nyeusi kushoto na kulia.

Ratiba, na itifaki

Kipengele kimoja huchukua hivi: watangazaji kuingia na kusema neno, sekunde 40, kipande, 60, kufungua bahasha, 15, mshindi kutembea, 30, shukrani, 60, kutoka, 15. Jumla ni dakika 3 na sekunde 40. Vipengele 20 ni dakika 73. Ongeza burudani nne za dakika nne, hotuba zote dakika 20, ufunguzi 10, tuzo ya heshima 8, kumbukumbu ya waliotangulia mbele ya haki 4. Unafika 131. Weka akiba ya asilimia 15 na una saa mbili na nusu. Ukianza saa 1 usiku unamaliza saa 3 na nusu, watu wanapata usafiri. Kila kipengele unachoongeza kumfurahisha mdhamini kinakula karibu dakika nne, mwonyeshe hesabu hiyo.

Wateule wakae karibu na njia, siyo katikati ya safu. Sekunde 30 za kutembea zinakuwa 70 mtu akiruka magoti ya watu tisa akiwa na gauni la mkia.

Muda hasa unapotelea kwenye itifaki. MC akitambulisha viongozi mmoja mmoja, dakika 20 zimekwenda kabla ya tuzo ya kwanza. Kubalianeni na ofisi ya itifaki siku mbili kabla: majina matano yanatajwa kwa vyeo, wengine wanaonekana kwenye skrini, na wasemaji wote waishie kwenye "itifaki imezingatiwa". Hotuba ya mgeni rasmi iwekwe baada ya kipengele cha sita au cha saba. Ukiiweka mwisho anaweza kuitwa kwenye shughuli nyingine na nusu ya ukumbi ikamfuata. Na kwa kuwa mgeni rasmi huchelewa, andaa burudani mbili zinazoweza kusogezwa mbele bila kugusa namba za bahasha. Namba za bahasha hazibadilishwi usiku huo kwa sababu yoyote.

Umeme: jenereta iwake tangu mwanzo na ibebe jukwaa lote, umeme wa gridi ndio uwe akiba. Wengi hufanya kinyume, kisha wanakaa gizani huku jenereta ikijivuta. Meza ya sauti, kompyuta ya video na kichakataji cha skrini viwe kwenye UPS, ile betri inayoshikilia umeme unapokatika.

Baada ya kilele

Toa orodha ya washindi mtandaoni ndani ya saa moja, kutoka kwa msimamizi wa kura, siyo kutoka kwa mtu wa habari aliyeandika akiwa amekaa ukumbini. Kesho yake chapisha jumla ya nafasi kwa kila mteule, bila majina ya majaji. Malalamiko yapokelewe kwa maandishi kwa siku saba, na fomu zote za majaji, pamoja na zile zilizochorwa msalaba, zihifadhiwe siku 90.

Tuzo zenyewe zitoke jukwaani hazina majina, la sivyo mchonga vibati atakuwa amejua washindi kabla ya mgeni rasmi. Chonga vibati vya wateule wote na ufungue meza nyuma ya ukumbi mara baada ya kilele, fundi akiwa na gundi na kitambaa cha kufutia. Mshindi anasoma jina lake mwenyewe kabla halijabandikwa. Likiwa na kosa, anaandika lililo sahihi kwa mkono wake, anasaini, na anafuata tuzo yake wiki inayofuata.